Neno "Baridi" na Msimulizi Asiyeandika: Kuisoma Upya Safari ya Milima ya Taita

Tarehe 11 Mei 1848, katika nyika iliyo baina ya milima ya Taita na nchi ya Taveta, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha mlima akadhani kwanza kuwa ni wingu. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri wa Mombasa, aliuita weupe ule kwa neno moja tu, ambalo Rebmann aliliandika kwa tahajia yake mwenyewe kuwa Beredi. Shajara ya safari hiyo ilitolewa mwaka 1849 katika jarida la Church Missionary Society huko London, na sehemu yake ikaingizwa katika kitabu cha mwenzake, Johann Ludwig Krapf, kilichotoka mwaka 1860. Tangu hapo ukurasa ule umenukuliwa mara nyingi kuliko ukurasa mwingine wowote uliowahi kuandikwa kuhusu njia ya Taita. Hunukuliwa kama habari ya Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro. Kiongozi hutajwa kwa kupita, kama mtu aliyeona kitu akakosa jina lake.

Makala haya yanahusu neno hilo moja. Tunadai kwamba usomaji uliozoeleka umempokonya Bwana Kheri kauli yake, na kwamba kauli ile, fupi kama ilivyo, ni sehemu ya usimulizi wa safari wa Kiswahili ambao wahakiki wetu wameuacha ukae ndani ya vitabu vya wageni kana kwamba ni mali yao. Dai hili si dogo kwa wale wanaofundisha historia ya nathari ya Kiswahili, kwani linagusa swali la lini nathari hiyo ilianza na nani aliianza.

Kabla ya kuingia katika matini, yafaa tuutazame kwa ufupi utanzu wenyewe. Masimulizi ya safari za milima mirefu yana desturi zake, na desturi hizo zimekomaa zaidi katika maandishi yanayohusu Himalaya na nyumba za watawa wa Kibudha. Mwaka 1933 James Hilton, katika riwaya yake Lost Horizon, alibuni bonde la Shangri-La, mahali palipofichika nyuma ya theluji ambapo muda wenyewe hupunguza mwendo. Bonde hilo halikuwahi kuwapo, lakini wasafiri wengi waliomfuata Hilton wameliona. Muundo ni ule ule: msafiri aliyechoshwa na mji hupanda, njia huwa nyembamba, watu hupungua, mwishoni hukutana na ukimya, na ndani ya ukimya huo hujikuta yeye mwenyewe. Wenyeji humbebea mizigo.

Tusiwe wepesi wa kudharau. Peter Matthiessen, aliyesafiri Dolpo nchini Nepal mwaka 1973 pamoja na mwanazuolojia George Schaller, aliandika kitabu cha hali ya juu, The Snow Leopard, kilichotoka mwaka 1978. Shabaha ya safari yake ilikuwa nyumba ya watawa ya Shey. Chui wa theluji hakumwona, na uzuri wa kitabu umo katika kukubali kutomwona. Hata hivyo anayemvutia msomaji makini ni mchukuzi mmoja, Tukten, ambaye mwandishi anamtilia shaka mwanzoni na baadaye anamwona kuwa kama mwalimu wake. Mwishoni mwandishi anamngojea mahali walipoahidiana, na Tukten hatokei. Kitabu kinafungwa, na sisi hatujui Tukten alisema nini kuhusu safari ile kwa watu wa kwao. Basi hata katika kazi bora ya utanzu huu, anayeijua njia ni mhusika na anayeandika ni mgeni. Bwana Kheri alitangulia kupewa nafasi hiyo kwa miaka mia moja na ishirini na mitano.

Turudi Taita. Rebmann alikuwa amefika pwani mwaka 1846. Oktoba 1847 alifanya safari yake ya kwanza ya bara hadi Kasigau, mlima ulio kusini mwa Voi ya leo, ambao yeye aliuita Kadiaro. Aprili 1848 aliondoka tena, safari hii akiwa na nia ya kufika Uchagani. Alipopita katika milima ya Taita upande wa Bura, alifurahishwa mno na mandhari, na furaha hiyo aliieleza kwa kuifananisha nchi ile na milima ya Jura karibu na Basel, na viunga vya Cannstatt katika nchi alikozaliwa. Msomaji anayeijua Bura atatambua kwamba sifa ni ya kweli. Hewa ni safi, mabonde yana maji, na mtu aliyetoka kwenye joto la nyika huhisi mwili umerejeshewa nguvu. Lakini tazama kinachotendeka katika lugha. Taita inapata uzuri wake kwa kuazima jina la mahali pengine. Wakati ule ule ambapo nchi inasifiwa, inaondolewa mbele ya macho yetu na kuwekwa Ujerumani.

Siku chache baadaye inakuja asubuhi ya tarehe 11 Mei, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Baada ya kuandika kwamba kiongozi aliuita weupe ule Beredi tu, Rebmann anasema kuwa kwake yeye ilikuwa wazi kwamba kile hakiwezi kuwa kitu kingine ila theluji. Kisha anaongeza kwamba sasa ameelewa maana ya hadithi zote za pwani kuhusu mlima wa dhahabu na fedha, mlima usiopandika kwa sababu ya pepo wabaya wanaoua watu. Waliowaua watu wale, anaeleza, hawakuwa pepo. Ilikuwa baridi kali, ambayo wenyeji hawaijui kabisa. Halafu anawaeleza watu wake tabia ya kitu kile cheupe.

Mantiki ya kifungu hiki inashangaza kila inaposomwa polepole. Rebmann anagundua kwamba kinachoua mlimani ni baridi. Lakini hilo ndilo neno aliloambiwa sentensi chache tu juu yake! Bwana Kheri hakusema pepo, hakusema fedha, wala hakusema wingu. Alisema baridi. Jibu la fumbo lilikuwa limekwisha kutolewa kwa Kiswahili, na mwandishi akalichukua, akaligeuza kuwa ufahamu wake mwenyewe, kisha akawarudishia waliompa kama mafunzo. Kishazi kinachosema kwamba wenyeji hawaijui baridi kinapingwa na ukurasa huo huo uliokibeba.

Mhakiki anaweza kutujibu kwamba tunalipakia neno moja mzigo lisioweza kuubeba. Pengine kiongozi alikosa tu msamiati. Kiswahili kina neno theluji, lililotoka katika Kiarabu, lakini mtu wa pwani ambaye hajawahi kuiona theluji hakuwa na sababu ya kulitumia, na huenda alisema baridi kwa kuwa hakuwa na la kusema. Hoja hii ina uzito, nasi tunaipokea nusu. Ni kweli kwamba baridi si jina la kitu. Lakini swali la mhakiki lisiwe kama neno lile ni jina sahihi katika kamusi. Liwe linafanya kazi gani katika usemi wa mtu anayeongoza msafara. Kazi ya kiongozi ni kuwafikisha watu wakiwa hai. Anayaita mambo kwa yale yanayoweza kumtenda msafiri: hapa pana maji, pale hapana, huku pana Wamaasai, kule patadaiwa hongo. (Na hongo, tukumbushane, ilikuwa ada halali ya kupita katika nchi ya mwenyewe kabla haijawa neno la aibu tulilo nalo leo.) Katika lugha ya namna hiyo, kuuita weupe wa mlimani baridi ni kutaja kile utakachokufanyia ukiusogelea. Rebmann alitaka kujua weupe ule ni nini. Kiongozi alimwambia unafanya nini.

Tena kauli ile haikuwa peke yake. Kumbukumbu za misheni zimehifadhi pia kisa cha mtawala mmoja wa Uchagani, Rungwa, aliyetuma watu wapande kuchunguza kitu kile cheupe kwa matumaini kwamba ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika. Yalisimuliwa pia pwani kwamba kitu kile kikiteremshwa hugeuka maji. Hizi si hadithi za watu wasiojua baridi. Ni taarifa zilizopata umbo la hadithi, zenye sababu na matokeo, na mwili wa mwanadamu ukiwa ndio kipimo. Rebmann aliandika vilevile, siku ile ya kwanza, kwamba hata lugha ya Uchagani haina jina la kitu kile. Baadaye misheni yenyewe ikaandika jina Kibo, lililosikiwa kwa Wachaga. Jina lilikuwapo. Lililokosekana ni muda wa kuuliza.

Inafaa pia tuone ni nani aliyekosea zaidi katika sakata hili, maana hakuwa Rebmann. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, aliikataa theluji ile katika kitabu chake cha 1852 na kuihesabu kuwa ni udanganyifu wa macho. Ubishi haukukoma hadi Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani mwaka 1861 na tena mwaka 1862, alipopanda hadi zaidi ya meta 4,000 na theluji ikamwangukia. Kwa miaka kumi na mitatu wasomi wa Ulaya walijadili kama Rebmann aliona sawasawa. Shahidi wa pili alikuwamo katika shajara yenyewe. Mtu ambaye hakuwa na haja ya kuiamini wala kuikana theluji alikuwa amesema kwamba juu kule ni baridi. Ushahidi wake haukuitishwa na upande wowote, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kimyakimya kwamba neno lake si maarifa.

Jina la mlima nalo lina kisa chake. Rebmann alilifasiri kuwa ni mlima wa misafara, akilitegemeza kwenye neno charo, ambalo katika lugha za Kimijikenda lina maana ya safari. Krapf aliona maana ya ukubwa. Wanaisimu wametoa fasiri nyingine nyingi na hatuna nia ya kuamua hapa. Kinachotuhusu ni kwamba fasiri ya Rebmann, iwe sahihi au la, ilimtoka katika kinywa cha watu wa njia. Kwao mlima ulikuwa alama ya msafara, si mwisho wa dunia.

Hapa inabidi tuulize swali ambalo utanzu wa safari za milimani hauulizi: mbali ni mbali kutoka wapi? Watu wa Dawida, Sagalla na Kasigau hawakuishi mafichoni. Milima yao inainuka kutoka nyika iliyo kama meta 600 juu ya usawa wa bahari hadi Vuria, meta 2,208, na kutoka huko juu mtu huona vumbi la msafara siku nzima kabla haujafika. Aliyekuwa amejificha ni msafiri, aliyetembea chini katika vichaka asijue anatazamwa. Na mahali patakatifu pa Wataita pamewekwa kwa kufuata jiografia hiyo. Fighi, yaani misitu midogo ya ibada iliyotunzwa na wazee maalumu, ambamo miti haikukatwa ovyo, haikuwa kama nyumba za watawa zinazomngoja mgeni mwishoni mwa njia. Ilikuwa kinga ya nchi. Dawa zilizozikwa humo zilikusudiwa kuwageuza maadui na maradhi yanayopanda kutoka nyikani. Katika masimulizi ya Himalaya patakatifu hupatikana baada ya kupanda, na humpokea msafiri. Katika Taita patakatifu huanza kazi kabla mgeni hajafika, na kazi yake ni kuamua kama atafika. Mgeni anaweza kuipita fighi asiione kabisa, akaandika kwamba hakukuta ibada yoyote.

Hatusemi haya ili kuigeuza fighi iwe Shangri-La yetu. Kishawishi kipo. Tangu misitu ya Ngangao, Chawia na Mbololo ianze kutembelewa kwa ajili ya ndege wasiopatikana kwingineko, maandishi ya vitabu vya watalii yameanza kuitaja milima hii kwa lugha ile ile ya ukimya na umbali, na mapango yalimohifadhiwa mafuvu ya wazee waliotangulia yanatajwa kama ajabu ya kutazamwa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti wake Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alionyesha katika kitabu chake cha 1978 kwamba kiini cha dini ya Wataita kilikuwa kutasa: mtu hutema pombe au maji ya miwa huku akitamka maneno ya kuondoa hasira moyoni na kuomba amani. Kwa hiyo kiini chake ni usemi. Wahakiki wa fasihi simulizi wana kazi kubwa hapo kuliko wapiga picha, maana patakatifu pa Taita pamejaa maneno, na anayepasifu kwa ukimya wake hajafika.

Sasa tumweke Bwana Kheri kando ya waandishi ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa waanzilishi wa nathari ya safari kwa Kiswahili. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Göttingen mkusanyo wake, Safari za Wasuaheli, wenye masimulizi ya Sleman bin Mwenye Chande, Abdallah bin Rashid, Mtoro bin Mwinyi Bakari na Selim bin Abakari. Kati ya hao, Selim ndiye anayetufaa zaidi. Alikuwa mtu wa asili ya Komoro, akamtumikia Mjerumani Bumiller, na mwaka 1896 akafuatana naye Urusi, Siberia na nchi za Asia ya Kati. Huyo ndiye msafiri wa Kiswahili aliyekaribia zaidi ile Asia ya juu ambayo fasihi ya Ulaya imeifanya kuwa nyumba ya siri. Naye haioni siri. Anasimulia kituo baada ya kituo, chombo walichopanda, watu waliowakuta na dini yao, kwa sauti ya mtu ambaye ameona mengi na hana haraka ya kushangaa. Aliyeajiriwa ndiye anayesema "mimi", na bwana wake amebaki kuwa mmoja wa wasafiri.

Wahakiki wamezoea kuieleza sauti hiyo kavu kuwa ni uchanga wa fani: nathari ilikuwa changa, kwa hiyo waandishi waliorodhesha tu. Tukimsoma Selim baada ya kumsikiliza Bwana Kheri, maelezo hayo hayatoshi. Ukavu ule ni mtindo uliorithiwa. Ni namna ya viongozi na wafanyabiashara wa misafara ya kutoa habari, ambapo sifa ya msemaji ni usahihi wa hesabu ya siku na ubashiri wa madhara, na ambapo kupamba ni dalili kwamba mtu hakufika. Velten aliwaomba watu wale waandike, na mkono wake umo katika matini, hilo lisisahaulike. Lakini hakuwafundisha kusafiri wala kusimulia safari. Walikuja na utanzu wao mikononi, na miaka hamsini kabla ya mkusanyo wake utanzu huo ulikuwa ukizungumzwa kwenye njia ya Maungu na Bura, mbele ya mtu aliyekuwa na kalamu.

Ikiwa hivyo ndivyo, mihadhara yetu ya historia ya nathari inahitaji kubadilishwa mahali pake pa kuanzia. Tunapendekeza shajara za Rebmann na Krapf zisomwe darasani kama matini zenye tabaka mbili, moja ya Kijerumani na Kiingereza iliyo juu, na nyingine ya Kiswahili iliyo chini yake, na mwanafunzi apewe kazi ya kuichimbua ile ya chini: maneno ya Kiswahili yaliyoachwa bila kutafsiriwa, sentensi zinazoanza kwa kusema kwamba kiongozi alieleza, hadithi zinazoletwa kama ushirikina kisha zikatumiwa kama habari. Kazi hiyo ina hatari zake. Mtu anaweza kusikia sauti ya Bwana Kheri mahali ambapo Rebmann anasema peke yake, na tahajia ya mtu aliyekuwa pwani kwa muda usiofika miaka miwili si msingi imara wa kujengea kila kitu. Lakini hatari hizo ni zile zile tunazozikubali kila siku katika tenzi zilizonakiliwa na watu wengine baada ya watunzi kufa, na hakuna aliyesema tuziache.

Wanafunzi wanaotoka Taita wana nafasi ya pekee katika kazi hii, kwa sababu wanaweza kuyapima majina ya mahali. Wamezoea kusoma habari za kwao kwa Kiingereza, katika vitabu ambamo milima yao ni hatua ya katikati kati ya Mombasa na theluji. Kidawida na Kisagalla vimo pia katika shajara hizo, vimefunikwa zaidi kuliko Kiswahili, kwa kuwa viongozi wa pwani walikuwa wakalimani wa kwanza na hivyo wachujaji wa kwanza. Hapo Bwana Kheri mwenyewe anageuka kuwa mshitakiwa: ni nini alichosikia Bura ambacho hakukipitisha?

Na iko matini nyingine inayofuata moja kwa moja. Novemba 1849 Krapf aliuona mlima ule ule kutoka Maungu, akaendelea hadi Ukambani, na tarehe 3 Desemba akaona vilele vya mlima wa pili wenye theluji, ambao habari zake alikuwa amezipata kwa mfanyabiashara wa Kitui aliyeitwa Kivoi. Jina Kenya liliingia katika ramani kwa njia ya kinywa cha Mkamba huyo, naye aliuawa njiani mwaka 1851 akiwa pamoja na Krapf karibu na mto Tana. Husimuliwa hadi leo kwamba mji wa Voi umepata jina lake kwake. Maneno yake yamo katika kitabu kile cha 1860, yametawanyika, na hakuna mhakiki wa Kiswahili aliye na udhuru wa kutoyakusanya.